Sauti ya Kuazima

Nilimsikia Nas kabla sijamjua Nas. Kaseti ilikuwa ya kudurufu, nakala ya nakala, na kwenye karatasi yake mtu alikuwa ameandika kwa peni ya bluu jina la Jay-Z, basi. Wimbo wa nne ulianza na kinanda kinachodondoka taratibu kama mvua ya alfajiri juu ya bati, kisha ikaingia sauti ya kijana ikirudia maneno yaleyale kuhusu marais marehemu, yaani noti za dola kwa lugha ya vijiwe vya New York. Haikuwa sauti ya mwenye albamu. Ilikuwa kavu zaidi, changa zaidi, na ilikuja na kupotea kama mtu anayeita kutoka ng'ambo ya barabara. Nikadhani Jay-Z amebadili koo.

Miaka ikapita. Siku nilipoipata albamu ya kwanza ya Nas, nikiwa nasikiliza huku nafanya shughuli nyingine, nilifika wimbo wa nne na mikono ikasimama. Sauti ilikuwa ileile na maneno yalikuwa yaleyale. Wimbo wa nne kwa wimbo wa nne. Nilikuwa nimeishi na sauti ya mtu huyu muda wote huo ndani ya nyumba ya hasimu wake.

Ndiyo maana ubishi wa vijiweni kuhusu albamu hizi mbili, Illmatic ya Nas na Reasonable Doubt ya Jay-Z, hauniishi hamu. Wabishi huziweka kwenye mizani kama magunia mawili ya mchele na kuuliza lipi zito. Lakini gunia moja lina punje za jingine. Illmatic ilitoka tarehe 19 Aprili 1994, na Reasonable Doubt tarehe 25 Juni 1996. Katikati kuna miaka miwili na miezi miwili, na ya pili ilitengenezwa na mtu aliyekuwa ameisikiliza ya kwanza kwa makini sana, makini ya mfanyabiashara anayepita mbele ya duka la jirani na kuhesabu wateja.

Tuanze na walikotoka, maana hawa si watu wa mbali. Nas, jina lake kamili Nasir Jones, alizaliwa mwaka 1973 na kukulia Queensbridge, upande wa Queens, chini ya daraja linalovuka mto kwenda Manhattan. Ni makazi ya umma makubwa kuliko yote Amerika Kaskazini: majengo 96 ya ghorofa sita, nyumba zaidi ya 3,000. Jay-Z, yaani Shawn Carter, alizaliwa mwaka 1969 na kukulia Marcy, Bedford-Stuyvesant, Brooklyn: majengo 27, nayo ya ghorofa sita. Mwenye nyumba ni yuleyule, serikali ya jiji, na matofali ni ya rangi ileile. Baba wa Nas, mwanamuziki wa jazz Olu Dara, aliondoka nyumbani. Baba wa Jay-Z naye aliondoka. Wote wawili walikuwa vijana wakati unga uliopikwa ukawa mawe, ule wanaouita crack, ulipoingia kwenye ngazi na korido hizo katikati ya miaka ya 80 na kugeuza watoto wa darasa moja kuwa muuzaji, mteja na maiti.

Tofauti yao ya kwanza ni umri, na katika jambo hili umri una uzito kuliko kipaji. Illmatic ilipotoka, Nas alikuwa na miaka 20. Reasonable Doubt ilipotoka, Jay-Z alikuwa na miaka 26. Miaka sita si kitu kwa wazee wawili wanaocheza bao. Kwa vijana wa mtaa ule, ilikuwa tofauti kati ya anayetazama biashara kutoka dirishani na aliyekwisha kuifanya akajua bei ya kila kitu, pamoja na bei ya rafiki.

Nas alikuwa ameacha shule darasa la nane. Mwaka 1991, kabla hajafikisha miaka 18, alipewa nafasi kwenye wimbo wa kundi la Main Source, na ubeti wake ukawafanya watu waulize huyu mtoto ni nani. Mwaka uliofuata rafiki yake wa karibu kuliko wote, jirani aliyeishi ghorofa ya juu yake, aliyejulikana kama Ill Will, aliuawa kwa risasi. Mdogo wake Nas alijeruhiwa usiku huohuo. Ukiisikiliza Illmatic ukiwa unajua hilo, unaelewa kwa nini albamu ya kijana wa miaka 20 imejaa wafu na kwa nini jina la Will linarudi kila mara kama jina la marehemu kwenye hitima.

Ilikuwa albamu fupi: nyimbo tisa na utangulizi, dakika zisizofika 40. Hilo pekee lilikuwa jambo geni. Lakini lililobadili desturi ya kazi lilikuwa jingine. Zama hizo albamu ya hip hop kwa kawaida ilikuwa na fundi mmoja, mtayarishaji mmoja au kundi moja lenye sauti yake. Nas aliwakusanya mafundi wakali wa jiji zima kwa ajili ya kijana mmoja: DJ Premier, Pete Rock, Large Professor, Q-Tip wa A Tribe Called Quest, pamoja na L.E.S. wa palepale Queensbridge. Kila mmoja alijua wengine wanaleta nini, na hakuna aliyetaka kuonekana wa mwisho. Mgeni wa kuchana alikuwa mmoja tu, AZ, katika wimbo wa tatu. Mwishoni mwa wimbo huo inaingia tarumbeta ndogo, taratibu, kama mtu anayepiga akiwa amefumba macho. Mpigaji ni Olu Dara, yule baba aliyeondoka. Sijui wimbo mwingine wa hip hop ambamo mzazi anarudi nyumbani bila kusema neno.

Na mistari yenyewe? Nas anachana kama shahidi. Neno hili ninalichagua kwa makusudi, na nitalirudia. Shahidi huapa, kisha anaeleza alichokiona: nani alisimama wapi, taa ilikuwa inawaka au imezimika, bunduki ilikwama au haikukwama. Katika wimbo wa pili, ule wa DJ Premier, ubeti wa kwanza ni risasi, ngazi, watoto waliojaa ukumbini, vyote kwa pumzi moja. Premier amesimulia kwamba Nas aliurekodi ubeti huo kwa mkupuo, na mwanzoni anasikika kabisa akijisemea kwamba hajui aanzie wapi, kisha biti inageuka na anaanza. Vina havikai mwisho wa mstari vikisubiri kupigiwa makofi. Vimetapakaa katikati, vinagongana, kimoja kinazaa kingine kabla sikio halijamaliza cha kwanza. Anayejua vina vya kati katika shairi letu atatambua ufundi huo mara moja, ingawa hapa mizani inavunjwa kwa makusudi na kuungwa tena.

Jay-Z alikuja kwa njia nyingine, ndefu na ya kudhalilisha kidogo. Mwishoni mwa miaka ya 80 alikuwa msaidizi wa mkubwa wake wa Marcy, Jaz-O, aliyepata mkataba na kupelekwa London kurekodi. Mkataba ule haukuzaa matunda, na Jay-Z akajifunza namna kampuni zinavyomkumbatia msanii Jumatatu na kumsahau Ijumaa. Alizunguka na Big Daddy Kane, akipanda jukwaani wakati mwenye onyesho anabadili nguo. Lebo zilimkataa. Basi yeye, Damon Dash na Kareem Burke wakaanzisha yao, Roc-A-Fella, na wakauza nakala kwenye buti la gari. Reasonable Doubt ni albamu ya mtu aliyekataliwa na ambaye, wakati anakataliwa, alikuwa na shughuli nyingine ya kumwingizia fedha. Alisema baadaye kwamba alikusudia iwe albamu yake moja tu, kisha abaki kuwa bosi. Inasikika hivyo. Ni sauti ya mtu asiyemwomba msikilizaji chochote.

Jina la albamu hiyo ni la mahakamani. Upande wa mashtaka, tunavyosema kwenye mahakama zetu, lazima uthibitishe kosa bila kuacha shaka. Shaka hiyo ndiyo jina la albamu. Kwa hiyo Jay-Z amejiweka mwenyewe kizimbani, na anachana kama mshitakiwa mwenye akili: anasema kweli, lakini si yote, kila sentensi ina mlango wa nyuma. Nas anakuambia alichoona, Jay-Z anakuachia ufahamu mwenyewe. Neno moja linabeba maana mbili, ya pili unaipata siku tatu baadaye ukiwa kwenye daladala. Katika wimbo wa saba anaanza kwa mchezo wa sauti moja ya Kiingereza inayoandikwa kwa namna tatu, anairudia mara 22 ndani ya ubeti mmoja, na kuihesabu ni kazi ya msikilizaji. Shahidi hana muda wa michezo hiyo. Mshitakiwa anao, tena mwingi.

Hata namna zao za kutunga zinafuata njia hizo mbili. Nas alikuwa mtu wa daftari. Jay-Z aliacha kuandika. Alieleza kwamba alipokuwa mtaani bila karatasi alilazimika kuhifadhi beti kichwani mpaka afike nyumbani, na mwisho kichwa kikawa ndicho daftari. Anaingia studio, anasikiliza biti, ananong'ona peke yake, kisha anasimama mbele ya kipaza sauti na kutoa wimbo mzima. Waliowaona manju wa ngoma wakitunga papo kwa papo hawatashangaa. Lakini kuna jambo zaidi hapo: mtu mwenye mambo ya kuficha haachi maandishi.

Nionyeshe tofauti hii mahali ambapo ninaamini inaonekana wazi kuliko kwingine kote. Katika wimbo wa saba wa Illmatic, One Love, Nas anaandika barua kwa marafiki walio gerezani. Anawapa habari za mtaa: nani kazaa, nani kasaliti, mama yako nilimwona. Beti mbili ni barua. Ya tatu ni tukio. Amerudi mtaani, hakuna mtu nje ila mvulana mmoja kwenye benchi, anavuta bangi, amevaa fulana ya kuzuia risasi na ana bastola. Ana miaka 12. Wanazungumza. Nas, ambaye mwenyewe ni kijana wa juzi tu, anajaribu kumpa maneno ya busara, na unasikia kwenye sauti kwamba hana hakika kama maneno hayo yana nguvu yoyote. Kisha anaondoka. Mvulana anabaki palepale.

Sasa nenda wimbo wa 11 wa Reasonable Doubt, Coming of Age. Benchi, kwa kusema, ni lilelile. Mvulana yupo, safari hii ana sauti yake mwenyewe: anachanwa na Memphis Bleek, kijana wa Marcy aliyekuwa na miaka 17 au 18. Mkubwa anamtazama mdogo, mdogo anamtazama mkubwa, na tunasikia mawazo ya kila mmoja kabla hayajawa maneno. Mkubwa hampi nasaha. Anampa mtihani: anamwekea fedha mbele yake aone kama atazichukua haraka. Mdogo anakataa vijisenti na kusema anataka safari ndefu. Amefaulu. Ameajiriwa.

Tazama walivyosimama. Nas alipita akamwona mtoto anapotea, akaandika. Jay-Z ndiye anayempoteza, na anatuambia hivyo bila kuinua sauti, bila kujitetea, kwa furaha kidogo hata, furaha ya mwajiri aliyepata kijana mzuri. Wimbo wa Nas unaniumiza. Wa Jay-Z unanitisha, kwa sababu nimekwisha kutikisa kichwa nikifurahia biti kabla sijatambua nimeshuhudia nini. Clark Kent aliyeitengeneza biti hiyo alijua kabisa: ni nyepesi, ina jua ndani yake, kama adhuhuri ya Jumamosi.

Watu husema Illmatic ni ya huzuni na Reasonable Doubt ni ya majivuno. Sikiliza zinavyofungwa. Illmatic inamalizika kwa kijana anayejisifu bila breki juu ya vipande vya Human Nature ya Michael Jackson. Reasonable Doubt inamalizika na wimbo uitwao Regrets, majuto, ambamo mwenye suti na biri anahesabu aliowapoteza na kumfikiria mama yake. Shahidi alitoka mahakamani akiruka. Mshitakiwa ndiye aliyebaki na usiku.

Huwezi, hata hivyo, kuyatenga mapishi yao, maana walichota kisima kimoja. DJ Premier alitengeneza nyimbo tatu kwenye Illmatic na tatu kwenye Reasonable Doubt. The World Is Yours, ule wimbo wa nne wa Nas, umejengwa na Pete Rock juu ya kinanda cha Ahmad Jamal. Feelin' It wa Jay-Z umejengwa na Ski juu ya kinanda cha Ahmad Jamal huyohuyo, kutoka santuri nyingine. Jina la wimbo wa Nas limetoka kwenye filamu ya Scarface ya mwaka 1983, na albamu ya Jay-Z inafunguka kwa mtu anayeigiza maneno ya filamu hiyohiyo. Vijana wawili wa nyumba za serikali, mzee mmoja wa jazz, jambazi mmoja wa sinema.

Katika kisima hicho kuna kitu kinachotuhusu sisi wasemaji wa Kiswahili, na sitakipita. Ile barua ya One Love imepigwa juu ya sauti ya vyuma vinavyobonyezwa kwa vidole gumba, ala ya ukoo mmoja na ilimba ya Wagogo wa Dodoma. Q-Tip aliikata kutoka rekodi ya miaka ya 70 ya Heath Brothers, ndugu watatu wa jazz kutoka Philadelphia. Mmoja wao, mpiga ngoma Albert, alijiita Kuumba. Mtoto wa ndugu yake Jimmy alichukua jina Mtume. Ilikuwa zama za Maulana Karenga na harakati iliyoleta Kwanzaa mwaka 1966, Wamarekani weusi walipokuwa wakitafuta kwenye Kiswahili majina ambayo utumwa haukuyagusa. Mtume alikua, akaanzisha bendi ya jina lake, na mwaka 1983 wakatoa Juicy Fruit. Miezi mitano baada ya Illmatic, The Notorious B.I.G., rafiki wa Jay-Z aliyesoma naye shule moja Brooklyn, alitoa albamu yake ya kwanza, na wimbo uliomtambulisha kwa dunia, Juicy, ulijengwa juu ya wimbo huo wa Mtume. Kwa hiyo mwaka 1994 Queens ilichana juu ya muziki wa baba na ami zake Mtume, na Brooklyn ikachana juu ya muziki wa mtoto. Jina la mtoto huyo mimi nalisikia kila Maulidi.

Sokoni, hakuna aliyelipua bomu. Illmatic ilivuja na kurudufiwa mitaani kabla haijatoka rasmi. Ilipotoka ikaingia nafasi ya 12 kwenye orodha ya Billboard, ikauza nakala kama 60,000 wiki ya kwanza. Jarida la The Source liliipa maiki tano kati ya tano, heshima ambayo halikuwa likiigawa hovyo. Reasonable Doubt iliingia nafasi ya 23, nakala kama 43,000, na jarida hilohilo likaipa maiki nne, kisha miaka baadaye likajirudi na kuongeza ya tano. Mimi ningekuwa mhariri siku ile ningetoa nne vilevile. Kuna nyimbo mbili katikati ambazo ningezitoa bila kumuuliza mtu, na ule aliomshirikisha Foxy Brown, ingawa ndio uliopigwa sana kwenye klabu, umezeeka vibaya kuliko yote. Illmatic haina cha kutoa. Hata hivyo nikiwa peke yangu usiku, na umri huu nilio nao, mkono unakwenda kwa Jay-Z.

Kisha kuna jambo la wiki moja. Tarehe 2 Julai 1996, siku saba tu baada ya Reasonable Doubt, Nas alitoa albamu yake ya pili, It Was Written. Ikashika nafasi ya kwanza. Ndani yake, yule kijana wa dirishani alikuwa amevaa suti na kuzungumza kama tajiri wa magendo. Waliokuwa wameipenda Illmatic wakalalamika. Wakati Jay-Z anaingia mlangoni akiwa na sauti ya Nas mfukoni, Nas alikuwa anatoka kwa mlango mwingine akiwa amevaa koti linalofanana na la Jay-Z. Nani alimwiga nani, sitatia mguu hapo. Walikuwa wanapishana kwenye korido moja, giza, bila kusalimiana.

Turudi kwenye ile sauti. Ski aliikata kutoka mchanganyiko mwingine wa The World Is Yours uliofanywa na Q-Tip, na kuigeuza kiitikio cha Dead Presidents, ule wimbo wa nne wa Jay-Z. Upande wa Roc-A-Fella umesimulia kwamba Nas alialikwa aje studio aifanye upya kwa kinywa chake, na hakutokea. Kwa hiyo wakatumia ile ya kwenye santuri. Ni jambo dogo. Watu wanakosa miadi kila siku. Lakini mtu aliyekataliwa na kila lebo ya jiji hachukulii mlango uliofungwa kama jambo dogo, na kwa Nas nako, kusikia sauti yako mwenyewe ikimsindikiza mwingine kwenye wimbo wake si raha.

Bifu lilipofumuka mwaka 2001, deni hilo lilikuwa la kwanza kutajwa. Jay-Z alikuwa sasa mfalme wa mauzo. Katika Takeover, kwenye albamu ya The Blueprint, alimpiga Nas kwa hesabu: albamu ngapi, ngapi mbovu, na akaikumbusha ile sauti, akidai kwamba aliitumia vizuri kuliko mwenyewe na kwamba malipo yake yalikwenda kwa mtu mwingine. Nas akajibu Desemba kwa Ether, wimbo ambao jina lake limekuwa kitenzi kwenye Kiingereza cha mtaani. Jay-Z akajibu tena, safari hii kwa matusi ya unyumba, mpaka mama yake mzazi akamtaka aombe radhi. Akaomba, redioni. Vijana wa Bongo waliokuwa wakigawana pande mbili wakati huo nawakumbuka, na nakumbuka kwamba hakuna aliyebadilisha upande.

Lakini msikilize Jay-Z vizuri ndani ya Takeover. Katikati ya kumzika mwenzake, anapozihesabu albamu za Nas kwa dharau, anaacha moja bila kuigusa. Katika miaka kumi, anasema, umetupa moja ya moto. Huyo ni hasimu mwenye ghadhabu, mbele ya dunia, na bado amekiri kwamba Illmatic haipigiki. Mshitakiwa ametoa ushahidi dhidi yake mwenyewe. Na kama kuthibitisha kwamba ugomvi ni biashara, Illmatic ilitunukiwa platinamu, nakala milioni moja, Desemba hiyohiyo ya mwaka 2001, na Reasonable Doubt ikaifuata Februari 2002. Wanunuzi walikuwa wanarudi kusoma mafaili ya mwanzo ya kesi.

Maktaba ya Bunge la Marekani ina orodha ya rekodi zinazohifadhiwa kwa ajili ya vizazi. Illmatic imo. Jay-Z yumo pia, kwa The Blueprint, ile yenye Takeover ndani yake. Mpaka mwaka 2025, Reasonable Doubt ilikuwa haijaitwa.

Tarehe 27 Oktoba 2005, New Jersey, ng'ambo ya mto kutoka jiji lenyewe, Jay-Z alifanya onyesho aliloliita tangazo la vita. Watu walikuja wakitarajia orodha ya maadui. Mwishoni kikaanza kile kinanda kinachodondoka taratibu. Jay-Z akaanza Dead Presidents. Ikafika zamu ya kiitikio, mahali ambapo kwa miaka tisa mashine ilikuwa ikicheza sauti iliyokatwa kwenye santuri ya mtu mwingine, na mwenye sauti akatoka nyuma ya jukwaa kwa miguu yake, akiwa ameshika kipaza sauti, akayasema maneno yake mwenyewe. Ukumbi ulipiga kelele kiasi kwamba kwenye rekodi zilizobaki unamsikia kwa shida.